Korona Haikuwa Baraka, Lakini Nilitoka na Kitu

Wasee, kuna sentensi moja hunisumbua sana. Kila mwaka tukikaribia tarehe 13 Machi, siku ile Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha korona Kenya mwaka wa 2020, lazima mtu aandike: "Tusidanganyane, 2020 ilikuwa mwaka bora wa maisha yangu." Na watu wanakubali! Wanaweka mioyo, wanasema walipumzika, walijipata, walijifunza kupika chapati.

Mi naisoma na najiuliza, huyu alikuwa anaishi wapi? Kafyu ilianza 27 Machi na ndani ya siku chache mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi na polisi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko. Watu walizika wazazi wao wakiwa watu 15 kaburini, hata kama marehemu alikuwa na watoto kumi na wajukuu arobaini. Kazi zilikatwa kama nyasi. Kwetu Pipeline, mzee wangu aliambiwa akae nyumbani "kwa muda", na huo muda haukuisha hadi leo. Kwa hivyo baraka, hapana. Tafuta neno lingine.

Lakini nikiwa mkweli, mimi nilitoka 2020 na vitu ambavyo singevipata kwingine, na vingine bado navitumia kila siku. Nataka kuvisema bila kuipa korona shukrani hata moja. Na kuna mtu mmoja nyumbani ambaye aliishi miezi ile ile, boma lile lile, na hakutoka na kitu kama mimi. Huyo nitamfikia.

Mambo yalienda hivi. Nilikuwa Form Two. Rais Uhuru alifunga shule Jumapili ya tarehe 15 Machi, na baada ya wiki chache mathe akaona hesabu haziingiani: mzee hana kazi, sisi watoto watatu tuko kwa nyumba siku nzima tukila, na kodi inangoja. Tarehe 5 Aprili akanipandisha gari la Wote. Kesho yake, tarehe 6, serikali ikafunga Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mathe huniambia hadi leo kwamba hakuwa anajua lolote, ni vile tu alikuwa amechoka kuniona nimelala kwa kochi. Nilitarajia kukaa wiki mbili. Nilirudi mwanzo wa Januari 2021.

Kwetu ni Kathonzweni, Makueni. Kama hujawahi kufika, ni kule chini ya Wote ukielekea Makindu, mchanga mwekundu, mimea ya miiba, na mito ambayo kwa miezi mingi haina maji, ni mchanga tu. Nilikuwa nimeenda hapo labda mara nane maisha yangu yote, na zote zilikuwa Desemba au matanga. Ushago wa watoto wa Nairobi ni huo: unafika, unachinjiwa kuku, unapiga picha na mbuzi, siku ya nne uko Mombasa Road unarudi.

Sasa fikiria uko na susu. Susu ni nyanya, kwa wale si Wakamba. Mimi nilipewa jina la babu, kwa hivyo ananiita "mume wangu", na hiyo si mzaha mdogo, ni cheo. Shida ni kwamba huyo mume hakuwa anaongea lugha ya mke. Susu anajua Kiswahili cha sokoni, cha bei na salamu. Mi nilikuwa najua Kikamba cha kuomba chakula. Wiki ya kwanza tuliongea kwa mikono kama mabubu wawili.

Hapo ndipo kitu cha kwanza kilipotokea, na ndicho kikubwa kwangu. Hakuna aliyenifundisha. Hakukuwa na darasa. Kulikuwa na redio tu, Musyi FM kutoka asubuhi mpaka usiku, na mwanamke mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye alikuwa na muda wote duniani na hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye baada ya saa moja jioni. Kafyu ilifunga watu ndani hata kule ambako huwezi kuona taa ya jirani. Tulikuwa tunakaa jikoni, moshi unaniua, yeye anaongea. Mwezi wa kwanza nilikuwa naokota neno moja moja. Mwezi wa tatu nilikuwa nafuata hadithi lakini mzaha unanipita. Mwezi wa sita nilicheka kabla binamu hajanitafsiria, na susu akanyamaza, akanitazama, akaendelea na kusonga ugali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Unajua ni nini kiko ndani ya lugha usiyoijua? Watu wako. Mi nilikuwa nadhani namjua susu. Nilikuwa namjua kama mtu wa kutoa baraka na kupokea sukari. Kumbe ni mtu mcheshi, mwenye mdomo mkali, mwenye chuki za miaka arobaini na jirani fulani kuhusu mpaka wa shamba, mtu aliyewahi kutoroka kwa mume wake kwa miezi miwili akarudi mwenyewe na masharti yake. Hayo yote yalikuwa kwa Kikamba. Kwa Kiswahili alikuwa bibi mzee mpole. Vijana wengi wa Nairobi nawajua wanapenda nyanya zao sana na hawajawahi kukutana nao.

Alinieleza pia 2004. Hii wengi wetu hatujui kwa sababu hatukuwa tumezaliwa. Mwaka huo, Makueni na Kitui zilipigwa na sumu ya kuvu kwenye mahindi, ile wanaita aflatoksini. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, watu wakala. Waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125, wengi wao wakiwa wa hizi kaunti mbili. Ini linaharibika, macho yanageuka manjano, na mtu anaenda. Susu alizika watu. Kwa hivyo korona ilipokuja na watu wengine pale sokoni wanasema ni ugonjwa wa wazungu na wa Nairobi, yeye hakubishana. Aliweka mtungi wa maji na sabuni mlangoni, akasema ugonjwa usiouona ndio wa kuogopa, na akanituma kuanika mahindi upya juu ya turubai ili yasiguse udongo, ingawa mi niliona yamekauka kabisa. Anayavunja punje kwa meno kusikia mlio. Mpaka leo nikinunua unga mi huangalia alama ya ubora kwenye pakiti kwanza. Wenzangu hunicheka. Sawa.

Kitu cha pili ni kazi. Sasa hapa mi huwa sitaki kuandika kama wale watu wa "nilirudi kwa mashamba nikapata amani". Kazi ya shamba inauma. Lakini kuna aina moja ya kazi ambayo sikuwa nimeiona mjini, inaitwa mwethya. Ni kikundi cha majirani, wengi ni akina mama, wanafanya kazi shamba la huyu leo, la yule wiki ijayo. Hakuna anayelipwa. Ukikosa kwenda kwa wenzako, siku yako utachimba peke yako. Mikutano mikubwa ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hivyo walijigawanya watu wachache wachache, barakoa zikiwa kidevuni zaidi ya puani, wacha niseme ukweli.

Kuanzia Agosti, kabla ya mvua za Oktoba, tulichimba matuta. Yale matuta Ukambani yanaitwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata mlalo wa kilima, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini, hivyo maji ya mvua yanasimama yanaingia ardhini badala ya kukimbia na rutuba yako. Baadaye nilikuja kugundua hilo jina la Kiswahili, "fanya juu", limo kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Wanafunzi wa huko Ulaya wanalisoma kwa mtihani. Mi nililijua kwa malengelenge.

Na mto. Huo mto wa mchanga nilikuwa nauona kila Desemba na kudhani umekufa. Kumbe chini ya mchanga kuna maji, na watu wa Makueni, Kitui na Machakos wamejua kuyashika kwa kujenga bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, juu ya mwamba. Mafuriko yakija yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanakaa katikati ya chembe. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo. Unachimba shimo la futi kadhaa, unangoja, maji yanapanda safi. Mtu wa Pipeline, ambako tunanunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni, nilikaa pale nikitazama maji yakitokea kwenye mchanga kama mchezo wa kiini macho. Ukuta huo ulijengwa na mwethya wa miaka ya nyuma. Susu alibeba mawe. Anakuonyesha hata ni upande gani.

Kitui nilienda mara moja, Septemba, kumwona auntie, dada mdogo wa mathe. Ng'ambo ya Mto Athi ni Kitui tayari, lakini kwa gari unazunguka: Makindu, Kibwezi, halafu ile barabara ya Mutomo hadi Kitui mjini. Matatu ya watu 14 ilikuwa inabeba 8, na nauli tuliyolipa ilikuwa ya hao sita ambao hawakuwepo. Huko watu walicheka Kikamba changu upya, kwa sababu cha Kitui na cha upande wetu vinatofautiana, na mi nilikuwa nimeanza kujiona bingwa.

Auntie alikuwa fundi cherehani wa kushona marinda ya harusi, na harusi zilikuwa zimekufa. Lakini Kitui ilikuwa na kiwanda cha kaunti, KICOTEC, pale Syongila, ambacho Gavana Charity Ngilu alikuwa amekianzisha na ambacho kabla ya hapo kilikuwa kinashona sare. Korona ilipoingia kikageuza mashine kikaanza barakoa, maelfu kwa siku. Kumbuka hiyo Aprili: serikali imesema kutembea bila barakoa ni faini ya hadi shilingi 20,000, na nchi nzima inazitafuta, na Uchina na Ulaya zote zinazitaka. Halafu barakoa zinatoka Kitui! Kaunti ambayo kwenye habari huonekana wakati wa ukame tu, mtu anapiga picha ng'ombe aliyekonda. Mwaka ule ule Mwingi ilikuwa imevamiwa na nzige, na bado.

Auntie hakuajiriwa kiwandani, lakini barakoa za vitambaa alishona nyumbani na akauza sokoni, na akafundisha wasichana wawili wa mtaa. Mmoja wao ana cherehani zake tatu sasa. Nilichoona pale ni watu wanaojivunia kitu walichotengeneza, na mi nilikuwa nimekua nikisikia kwamba vitu vinatengenezwa kwingine na sisi tunavinunua. Hiyo picha ilinikaa. Nilipoanza kutengeneza video, ya kwanza iliyopata watu ilikuwa ya auntie akikata kitambaa.

Kuhusu video, wacha niseme haraka. Ndiyo, 2020 ndiyo ilizaa kizazi chetu cha waundaji. Azziad alidensi "Utawezana" ya Femi One na Mejja mwezi wa Aprili na maisha yake yakageuka. Elsa Majimbo alikaa kwa chumba Nairobi na miwani midogo akila krisps na dunia ikamjua. Mi nilikuwa naona haya yote nikiwa nimepanda juu ya jiwe moja nyuma ya boma, mahali pekee penye mtandao, na bando za shilingi ishirini. Nilifurahi. Lakini msisahau kwamba watu wawili walipata na milioni kadhaa walikuwa wanatazama.

Sasa binamu yangu. Amenipa ruhusa ya kuandika haya, ila jina lake nisitaje.

Tulikuwa rika moja, yeye pia Form Two, shule ya kutwa hapo karibu. Mwaka jana nilikuwa namsimulia jinsi miezi ile tisa ilinijenga, lugha, susu, mto, na nilikuwa naongea vizuri sana nikijisikia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ulikuwa mgeni. Mimi nilikuwa mfanyakazi."

Ni kweli. Lile shimo la maji kwenye mchanga nililolitazama kama kiini macho, yeye alikuwa analichota saa kumi na mbili asubuhi, mitungi minne, punda akiwa mgonjwa ni mgongo wake. Zile hadithi za jikoni usiku, yeye alikuwa ndiye anaosha sufuria, na muthokoi niliokula nikisifu, yeye ndiye aliyetwanga mahindi kwenye kinu. Masomo ya redio ya KICD kupitia KBC mi niliyasikiliza nikiwa nimekaa. Yeye aliyasikia akipita. Julai, Waziri Magoha aliposema mwaka wa masomo umepotea na tutarudia 2021, mi niliruka kwa furaha kwamba nimeongezewa likizo. Yeye alilia. Shule ilikuwa mahali pekee ambapo alikuwa anakaa chini.

Na yeye ni wale waliobahatika, alirudi Januari 2021. Wasichana wawili wa darasa lake hawakurudi, mmoja alikuwa na mtoto na mwingine alikuwa ameolewa. Mtu yeyote anayesema kufungwa kwa shule kulikuwa mapumziko aende aulize wasichana wa 2020, mjini na ushago, walikuwa wamefungiwa na nani.

Kwa hivyo nikisikia "kila baya lina zuri lake", mi huuliza zuri la nani. Langu lilitegemea vitu vingi ambavyo si juhudi zangu. Nilikuwa mvulana. Tulikuwa na shamba. Susu alikuwa hai na mzima. Na mvua! Hili watu hawalifikirii kabisa. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa nyingi kupita kiasi, kwa hivyo tulipofika Aprili ghala la susu lilikuwa na mahindi, kunde, ndengu. Angalia kilichofuata: kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilianza kukosa, msimu baada ya msimu, mpaka Septemba 2021 Rais akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na haikuisha mpaka 2023. Kama korona ingekuja miaka miwili baadaye na mathe akanituma Kathonzweni, ningekuwa mdomo mmoja zaidi kwenye ghala tupu. Hadithi ya kujipata isingekuwepo, na susu angekuwa na haki ya kunirudisha.

Msimamo wangu basi ni huu, na mnaweza kuupinga. Hakuna hata kimoja nilichopata ambacho korona ilikitengeneza. Susu alikuwa anaongea kabla yake. Ukuta wa mto ulikuwepo. Auntie alikuwa na cherehani. Kilichokuwa kimekosekana ni muda, na muda wa mtoto wa shule wa Kenya umeibwa na sisi tukiona. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini uliza mwanafunzi yeyote wa sekondari unayemjua alikuwa wapi Agosti. Kuna shule bado zinaita watu "kwa hiari" na hiyo hiari ina bei na ina orodha ya majina. Ukitoa hapo wiki za tuisheni, ukitoa siku za kununua sare na vitabu, unabaki na siku nne za ushago Desemba, na hizo zina harusi mbili.

Wazazi wetu wanalalamika kwamba hatujui lugha ya kwetu. Tungeijua saa ngapi? Lugha haiingii kwa siku nne. Mi ilinichukua miezi sita kucheka mzaha mmoja. Kama wewe ni mzazi na unasoma hii, au wewe ni kaka mkubwa unayechangia karo, tuisheni ya Agosti unaweza kuikataa, na sheria iko upande wako. Mpe mtoto mwezi mzima na nyanya yake. Na akiwa msichana, hakikisha amepewa mwezi wa kukaa na nyanya, si mwezi wa kufanya kazi za boma wakati ndugu yake anasikiliza hadithi.

Binamu yangu nilimsomea hii kabla sijaiweka. Akasema sehemu ya punda sio kweli, punda hakuwa mgonjwa, alikuwa ameuzwa Juni kulipa deni la duka, na mi nilikuwa nimelala siku hiyo anaondolewa. Agosti hii anakuja Nairobi kwetu wiki tatu, mara ya kwanza kukaa zaidi ya siku mbili. Mi ndiye nitaenda Kathonzweni kushika nafasi yake, na susu ameshaniuliza kama mume wake anajua kutwanga.